Kontena lililopotea likiwa ndani ya yadi: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha kufundishia. Yadi, makarani na namba ya kontena vimetungwa, lakini utaratibu wa kazi ni ule unaoonekana katika yadi nyingi za Mombasa, kuanzia Changamwe hadi Miritini: mmoja yuko juani anasoma namba, mwingine yuko ofisini anaiandika, na kati yao kuna redio ya mkononi. Tunaifuata namba moja tangu inaposomwa hadi inapoharibika, na kila inapopita tunauliza nadharia gani ya saikolojia ya utambuzi, yaani elimu ya jinsi akili inavyosikia, kukumbuka na kufikiri, inaeleza kilichotokea hapo.

Yaliyotokea

Ijumaa, saa kumi na nusu alasiri. Trela imetoka bandari ya Kilindini na kontena la futi 40, limeshushwa safu ya D, juu ya jingine. Karani wa uwanjani, mtu mzima wa miaka zaidi ya ishirini kazini, anainua macho, anasoma ubavuni na kubonyeza redio:

"Ofisi, chukua. Si, esi, kyu, yu. Mbili saba sita tisa moja nne. Safu ya D, ngazi ya pili."

"Nimepata, mzee."

Aliyejibu ni kijana mwenye miezi mitatu kazini. Kabla hajashika kalamu, dereva mwingine anaingiza kichwa dirishani: "Kaka, geti pasi yangu vipi? Ile ya makontena mawili. Tangu adhuhuri niko hapa." Simu iliyo mezani inatetemeka, ujumbe wa M-Pesa. Kijana anamjibu dereva, "Subiri kidogo, ndugu yangu, inakuja," anaitupia simu jicho, anavuta daftari na kuandika CSQU 279614. Tangu mzee anyamaze hadi wino kugusa karatasi zimepita sekunde kumi na nne hivi.

Jioni anaihamishia kwenye jedwali la kompyuta. Jedwali hilo lina fomula inayojaza yenyewe tarakimu ya mwisho, ile ya ukaguzi, nayo inajaza 0. Rekodi inasomeka CSQU 279614 0, haina doa.

Jumatatu asubuhi wakala wa forodha anakuja na trela kuchukua CSQU 276914 5. Kompyuta inasema halijaingia. Bandarini wanasema lilitoka Ijumaa. Watu watatu wanatembea safu moja baada ya nyingine wakisoma milango, na saa tisa alasiri kontena linapatikana safu ya D, ngazi ya pili, pale pale alipotaja mzee. Trela imekaa bure siku nzima na mwenye mzigo ameshapiga simu za kutosha.

Meneja akatoa hukumu mbili: kijana ni mzembe, na kichwa chake kizito. Hukumu zote mbili zina kasoro, ingawa si za aina moja.

Namba yenyewe

Namba ya kontena hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 6346: herufi tatu za mwenye kontena, herufi ya nne inayoonyesha aina ya kifaa (U kwa makontena ya mizigo), tarakimu sita za mfululizo, na tarakimu moja ya ukaguzi ambayo mara nyingi huchorewa kisanduku. Jumla ni alama kumi na moja.

Tarakimu ya ukaguzi hupatikana hivi. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea hadi Z yenye 38, zikirukwa 11, 22 na 33. Alama ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kizidisho hurudufu hivyo hadi alama ya kumi inayozidishwa kwa 512. Jumla hugawanywa kwa 11 na baki ndilo huandikwa. Likiwa 10, huandikwa 0. Kwa namba yetu, CSQU inatoa 13 + 60 + 112 + 256, yaani 441. Tarakimu 276914 zinatoa 32 + 224 + 384 + 1,152 + 256 + 2,048, yaani 4,096. Jumla ni 4,537, ambayo ukiigawanya kwa 11 unabakiwa na 5.

Sasa badilisha nafasi za sita na tisa. 279614 inatoa 3,904. Pamoja na 441 ni 4,345, nayo inagawanyika kwa 11 bila baki. Kwa hiyo laiti kijana angeandika 5 iliyochorwa kwenye kontena, kompyuta ingeikataa namba papo hapo. Lakini mzee hakuitaja 5, kwa sababu ofisi nzima ilishazoea kwamba kompyuta inajijazia. Kinga iliyobuniwa ili kulinganisha maandishi na chuma iligeuzwa kuwa pambo: chochote utakachoandika, fomula itakupa tarakimu inayokifaa. Kosa lilipewa cheti.

Hilo la fomula ni kosa la aliyebuni jedwali, na katika uchunguzi wa yadi halikutajwa kabisa.

Kwa nini sita na tisa

Kosa la kijana halikuwa la kubahatisha. Kati ya tarakimu zote alizozisikia, mbili zilizobadilishana nafasi ni zile zinazofanana kuliko nyingine yoyote katika Kiswahili. Zisome kwa irabu pekee: moja ni o-a, mbili i-i, tatu a-u, nne e, tano a-o, sita i-a, saba a-a, nane a-e, tisa i-a. Kila moja ina sura yake ya irabu isipokuwa sita na tisa, ambazo zina irabu zile zile kwa mpangilio ule ule, na konsonanti zile zile zilizobadilishana viti.

Redio inalizidisha hilo. Redio za mkononi, kama simu za kawaida, hupitisha sauti ya kati ya takriban hezi 300 na 3,000 na ushei. Irabu hupita vizuri humo. Mlio wa s nguvu zake kubwa ziko juu ya hezi 4,000, kwa hiyo sehemu kubwa inakatwa njiani, na t ni mpasuko mfupi unaomezwa na honi ya lori. Kinachofika ofisini kutoka kwa "sita tisa" ni karibu "i-a i-a".

Sikio halikubali pengo. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren aliondoa sauti moja katikati ya neno ndani ya sentensi iliyorekodiwa akaweka kikohozi mahali pake. Karibu wasikilizaji wote walisema neno lilikuwa zima, kikohozi kilikuwa kando tu. Ubongo hujaza, na hujaza bila kumwambia mwenyewe. Ndiyo maana kijana anapoapa kwamba alisikia vizuri hasemi uongo. Tofauti ni kwamba katika sentensi maana ya maneno mengine huongoza ujazaji, ilhali namba ya kontena haina maana ya kuongoza chochote. Hata upatanisho wa ngeli, ambao humsaidia msikilizaji katika "makontena mawili" au "makontena manane", hauzigusi sita na tisa: husema makontena sita, makontena tisa, bila kiambishi.

Marubani walishakutana na tatizo la aina hii. Katika Kiingereza chao cha redio, tano na tisa hushirikiana irabu, kwa hiyo tisa hutamkwa "naina" na tano "faifu" ili zisichanganywe. Kiswahili cha yadini hakina makubaliano kama hayo. Badala yake kuna mchanganyiko: wengine husoma tarakimu kwa Kiswahili, wengine kwa Kiingereza, wengine huanza na moja na kumalizia na nyingine. Meuter na Allport mwaka 1999 waliwapa watu wenye lugha mbili tarakimu wazitaje huku lugha ikibadilishwa katikati. Kila kubadilisha kulichelewesha jibu, na kurudi kwenye lugha yenye nguvu zaidi kulichelewesha zaidi ya kuiacha. Kwa karani wa Mombasa ina maana kwamba "tu seveni sita tisa" ni mbaya kuliko lugha yoyote kati ya hizo mbili ikisimama peke yake.

Sekunde kumi na nne

Hapa ndipo penye uzito. Tukubali kwamba sauti ilifika salama. Bado ilibidi ikae mahali fulani hadi iandikwe.

Atkinson na Shiffrin mwaka 1968 waligawa kumbukumbu katika hifadhi tatu: ya hisi, inayodumu kitambo kidogo sana; ya muda mfupi, yenye nafasi finyu; na ya muda mrefu. Kuhusu ufinyu wa ile ya pili kila mtu amesikia "saba, kuongeza au kupunguza mbili" ya George Miller, 1956, na wengi huitumia vibaya. Miller alizungumzia mafungu, yaani vitu kadhaa vilivyoungana kichwani kuwa kimoja, si tarakimu. Nelson Cowan mwaka 2001 aliishusha zaidi: mtu akizuiwa kurudiarudia, nafasi ni za mafungu manne hivi. Kwa mzee aliyeiona CSQU miaka nenda miaka rudi, herufi zile nne ni fungu moja. Kwa kijana wa miezi mitatu ni vitu vinne, na bado hajafika kwenye tarakimu. Wawili hao hawakubeba mzigo mmoja, ingawa redio ilisema maneno yale yale.

Lakini maelezo yanayotufaa zaidi ni ya Baddeley na Hitch, 1974. Wao waliiona hifadhi ya muda mfupi kuwa karakana yenye sehemu: kitanzi cha sauti kinachoshika maneno, sehemu ya picha na nafasi, na msimamizi anayegawa nguvu. (Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne inayounganisha hizi na kumbukumbu ya muda mrefu.) Kitanzi kina uwezo unaopimwa kwa muda: hushika takriban kile unachoweza kukitamka kwa sekunde mbili. Hesabu silabi. "Mbili saba sita tisa moja nne" ni silabi kumi na mbili. Kwa Kiingereza tarakimu hizo hizo ni saba. Ongeza herufi nne na mahali pa kuweka, na kitanzi kimepitwa kabla mzee hajaachia kitufe.

Kitanzi kina udhaifu mwingine: vitu vinavyofanana kwa sauti hugongana ndani yake, na kinachopotea kwanza ni mpangilio. Conrad alionyesha mwaka 1964 kwamba hata herufi zikionyeshwa kwa macho, makosa ya kuzikumbuka hufuata mfanano wa sauti. Kwa hiyo 96 badala ya 69 inaweza kuwa imezaliwa redioni au kichwani, na daftari peke yake haliwezi kutuambia ni wapi. Kujua kuna faida: kosa la redio linatibiwa kwa kurudia namba kwa sauti, la kichwani linatibiwa kwa kuandika mara moja. Njia rahisi ya kutofautisha ni kumwonyesha karani namba kwenye kadi, kumchelewesha sekunde hizo hizo kwa mazungumzo, kisha kumwambia aandike. Sita na tisa zikiendelea kupishana bila redio kuwapo, redio haiwezi kubeba lawama yote.

Halafu akaja dereva. Salamé na Baddeley mwaka 1982 walionyesha kwamba maneno yanayosemwa karibu yanaharibu kukumbuka mfululizo wa tarakimu hata pale mtu anapoambiwa ayapuuze. Maneno huingia kitanzini upende usipende. "Makontena mawili" yaliyosemwa dirishani yalipita njia ile ile iliyokuwa inazungusha 276914. Baya zaidi lilikuwa jibu la kijana mwenyewe. Mdomo unaosema "subiri kidogo, ndugu yangu" hauwezi wakati huo huo kurudia namba kimoyomoyo, na namba isiyorudiwa hufifia. Pwani kumnyamazia mtu aliyekuita kaka ni utovu wa adabu, basi alijibu, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Kufifia huko kulipimwa zamani. Lloyd na Margaret Peterson, 1959, waliwapa watu konsonanti tatu tu, kisha wakawahesabisha kurudi nyuma kwa tatu tatu. Baada ya sekunde 18 walizikumbuka takriban mara moja kwa kumi. Hapo walimu wengi huishia. Inafaa kuendelea hadi 1962, kwa Keppel na Underwood, waliogundua kwamba katika jaribio la kwanza kabisa watu hawasahau karibu chochote. Usahaulifu huongezeka majaribio yakirundikana, kwa sababu vitu vya awali vinavyofanana huingilia vya sasa. Kijana alikuwa ameshaandika namba zaidi ya thelathini tangu asubuhi, zote za sura moja. Karani yule yule, kwa bidii ile ile, atakuwa sahihi saa mbili asubuhi na kukosea saa kumi jioni. Anayetaka kupima ubora wa makarani wake kwa namba za asubuhi anajidanganya.

"Angekuwa makini"

Neno la meneja lilikuwa hilo. Nadharia za umakini hazimuungi mkono sana.

Colin Cherry, 1953, aliwavisha watu vipaza sauti vya masikioni, ujumbe tofauti kila sikio, akawaambia waufuate mmoja kwa kuurudia kwa sauti. Katika sikio lililoachwa walitambua sauti ya mwanamume ikigeuka ya mwanamke, lakini lugha ilipobadilishwa kuwa Kijerumani hawakujua. Broadbent mwaka 1958 akajenga juu yake nadharia ya kichujio: taarifa huchaguliwa mapema kwa sifa za sauti, iliyoachwa haifiki kwenye maana. Nadharia safi, na haikudumu. Mwaka uliofuata Moray alionyesha kwamba takriban theluthi moja ya watu hulisikia jina lao hata likiwa katika sikio lililoachwa. Anne Treisman akairekebisha: kichujio hakifungi, kinapunguza, na maneno yenye uzito kwa mtu, kama jina lake, hupenya kwa nguvu ndogo. Kwa karani aliye dirishani, "geti pasi" ina uzito karibu na jina lake. Ndiyo kazi yake. Umakini wake haukuzurura. Ulivutwa na jambo lililokuwa halali kuuvuta.

Kahneman, 1973, aliliangalia suala kwa upande wa nguvu: kuna akiba moja yenye kikomo, na kazi hugawana. Zilizozoeleka hula kidogo. Mfano uko kwenye daftari lile lile: kijana anatazama saa inayoonyesha 4:30, anamwambia mtu ni saa kumi na nusu, anaandika 16:30, na hatoi jasho. Mgeni anayejifunza saa za Kiswahili huhesabu sita kila mara na kupoteza alichokuwa anasema. Schneider na Shiffrin mwaka 1977 walieleza tofauti hiyo ya kazi inayojiendesha na kazi inayosimamiwa. Tatizo la namba za makontena ni kwamba kila moja ni mpya. Kuandika kunaweza kuzoeleka, kilichoandikwa hakizoeleki.

Kichwa kizito?

Meneja alimpa kijana karatasi ya maumbo yanayokamilishwa kwa mantiki, ya aina iliyoanzishwa na Raven miaka ya 1930. Kijana alifanya vizuri. Mzee naye akaombwa ajaribu, akapata kidogo. Meneja akaiweka karatasi kwenye droo na jambo likanyamazwa, ilhali matokeo hayo yana la kufundisha.

Spearman, 1904, aliona kwamba anayefanya vyema mtihani mmoja huelekea kufanya vyema mingine, akadai kuna uwezo mmoja wa jumla nyuma yake. Muungano huo wa alama ni wa kweli na umerudiwa mara nyingi. Cattell baadaye aliugawa: akili ya kung'amua mapya, inayopimwa na maumbo kama yale, na akili iliyojengwa na maarifa ya miaka. Mzee na kijana wanasimama pande hizo mbili. Mzee anajua mahali pa makontena mengi bila kutazama karatasi kwa sababu anaijua yadi: mzigo upi hutoka upesi, wakala yupi hucheleweshwa na forodha, safu ipi hujaa lini. Si kwamba ana nafasi kubwa ya tarakimu kichwani. Ericsson, Chase na Faloon waliripoti mwaka 1980 juu ya mwanafunzi mmoja aliyefanya mazoezi ya saa zaidi ya 230 akapanda kutoka tarakimu saba hadi 79, kwa kuzigeuza kuwa muda wa mbio alizozijua. Alipopewa herufi, alirudi kwenye sita hivi. Mazoezi yalimpa mbinu ya jambo moja, hayakupanua kumbukumbu. Anayeuza mafunzo ya "kukuza kumbukumbu" kwa makarani aulizwe kuhusu hilo kwanza.

Kuna pia vipimo vinavyodhulumu kwa lugha. Ellis na Hennelly, 1980, walichunguza kwa nini watoto wanaozungumza Kiwelshi walipata alama ndogo kwenye kukumbuka tarakimu. Jibu: majina ya tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa, na watu wenye lugha hizo mbili walikumbuka zaidi walipotumia Kiingereza. Karani akipimwa kumbukumbu ya tarakimu kwa Kiswahili, kisha alama zake zikalinganishwa na viwango vilivyopangwa kwa Kiingereza, ataonekana mzito bila kuwa mzito.

Gardner na nadharia yake ya akili nyingi zinazojitegemea, 1983, hupendwa sana katika semina za walimu. Ushahidi wa kupima kwamba akili hizo zinasimama mbalimbali ni mchache. Sternberg anatufaa zaidi. Utafiti wake na wenzake uliochapishwa 2001 ulifanywa Kenya yenyewe, upande wa Kisumu, kwa watoto wa miaka 12 hadi 15. Waliojua zaidi dawa za mitishamba, maarifa yanayohitajika kwao kila siku, walielekea kupata kidogo zaidi kwenye vipimo vya kishule. Si kwamba moja ni akili na nyingine si akili. Muda wa mtoto ulitumika kwenye kile ambacho nyumbani kilithaminiwa.

Uchunguzi ulivyoharibu ushahidi

Jumatatu jioni wote walikaa kwenye benchi la muuza kahawa nje ya geti, wakasimuliana, ndipo Jumanne wakaitwa mmoja mmoja. Swali la kwanza la meneja kwa mzee lilikuwa: "Ulipoirudia mara ya pili, aliandika nini?" Mzee hakuirudia. Lakini Jumanne alijibu kana kwamba aliirudia, na Alhamisi alikuwa na hakika.

Loftus na Palmer, 1974, waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Walioulizwa mwendo ulikuwa kiasi gani magari "yalipobamizana" walikadiria maili 40 na ushei kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana tu walikadiria 31.8. Wiki moja baadaye, katika jaribio la pili, 16 kati ya 50 wa kundi la "kubamizana" walikumbuka vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi la "kugonga". Vioo havikuwepo. Bartlett alikuwa ameshasema mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya, na hujengwa kwa vifaa vilivyo karibu. Hapa vifaa vilikuwa swali la meneja na gumzo la benchini.

Inavyofaa: kila mtu aandike peke yake kabla ya kuzungumza, siku hiyo hiyo, kwa kuanza na swali lisilobeba jibu. "Eleza tangu trela ilipofika hadi ulipofunga daftari." Maswali ya undani yaje baadaye, na yatoke kwenye yale aliyoyasema yeye.

Kilichobadilishwa

Karani wa uwanjani huandika namba kwenye kadi kabla ya kugusa redio, kisha huisoma kwa vipande: herufi nne, tatu, tatu, moja. "Si esi kyu yu. Mbili saba sita. Tisa moja nne. Ukaguzi tano." Baada ya kila kipande anaachia kitufe. Karani wa ofisini huandika kipande na kukirudia huku akisoma alichoandika, si alichosikia. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoleta faida yote. "Nimepata" na "sawa" si majibu tena. Tarakimu zote ni za lugha moja ndani ya namba moja. Mahali pa kuweka hutajwa baada ya namba kufungwa, kamwe si pamoja nayo.

Dirisha lina kibao cha "Napokea namba". Madereva walikibeza wiki mbili za mwanzo. Kilichosaidia ni kumruhusu kijana ainue kiganja badala ya kujibu kwa mdomo: dereva haoni amedharauliwa, na kitanzi kinabaki huru. Katika ndege za abiria kuna sheria ya namna hiyo. Marekani tangu 1981 imekataza mazungumzo yasiyo ya kazi katika chumba cha rubani chini ya futi 10,000.

Kurudia namba nako kuna ugonjwa wake. Msemaji anayejua alichosema hutarajia kukisikia tena, na hukisikia hata kama hakikusemwa. Ndiyo sababu mzee anatakiwa kuifuata kadi kwa kidole wakati kijana anarudia. Akiisikiliza huku anatembea kwenda trela inayofuata, kurudia huko ni kelele tu.

Jedwali la kompyuta lilibadilishwa kwa nusu saa: safu ya ukaguzi huandikwa kwa mkono, fomula iko kwenye safu iliyofichwa, na zisipolingana mstari unakuwa mwekundu. Jaribu la kila Jumatatu ni kuingiza CSQU 276914 5, ambayo lazima ipite, na CSQU 279614 5, ambayo lazima ikataliwe.

Kuna namba moja zaidi ya kujaribu, na hii fomula haiikamati. CSQU 276913 inabakiza 10, ambayo huandikwa 0. CSQU 276915 inabakiza 0, ambayo pia huandikwa 0. Zote mbili ni halali mbele ya kompyuta, na kinachozitenganisha redioni ni tatu na tano, ambazo huanza na silabi moja na kumalizikia kwenye u na o. Makontena ya mfululizo kama hayo yakiingia siku moja, jedwali halina msaada. Ni kadi ya mzee na kurudia kwa kijana pekee ndiko kutakakoyatofautisha.